Jina la Mlipuaji

Mtu akikuambia jina si kitu, muulize kwanza yeye anaitwa nani. Utakuta ni Neema, au Amani, jina tamu la kuitikia. Huyo hajawahi kuitwa Msiba. Hajawahi kwenda kuposa akiwa amevaa shati la kuazima, akakaribishwa vizuri, akapewa kiti, halafu baba wa binti akamuuliza jina na chumba kizima kikapoa. Yule mzee hakuwa na ubaya na tabia ya kijana wala kazi yake. Alisema tu kwamba misiba huja yenyewe bila hodi, na yeye hawezi kuufungulia mwingine mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hilo ndilo jina alilobeba mlipuaji wa machimbo ya mawe ninayetaka kuwasimulia. Mama yake alifariki akimzaa. Baba yake, mtu wa maneno machache, alipoulizwa mtoto aitwe nani alitaja neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu asubuhi ile. Hakukusudia ubaya, lakini neno likishatoka halirudi, na aliyelibeba ni mtoto. Ukiwa na uchungu gombana na mlango, gombana na dunia, usimwandikie mtoto uchungu wako kwenye kichwa chake. Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Alikuja kuoa baadaye, kwa mwanamke ambaye alipotajiwa jina alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema misiba yeye ameshaizoea, mmoja zaidi haumtishi. Lakini hata huyo hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita Kimya, kama walivyomwita machimboni, na mtoto alipozaliwa akamwita Baba wa Binti. Ndivyo wote waliompenda walivyofanya. Walilizunguka jina lile kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya njia.

Na machimboni nako alifikaje? Wapasua mawe walipomsikia anaitwaje walimwambia nyapara wazi kuwa huyu akikaribia stoo ya baruti, wao wanakunja nguo zao wanakwenda nyumbani. Nyapara akampa jina la utani na nyundo, akamweka mbali, kwenye rundo la kokoto. Alikaa huko miaka, mpaka mlipuaji wa zamani alipohitaji msaidizi akamchagua yeye. Watu wakapiga kelele. Mzee yule akawajibu kwamba wenye majina mazuri ndio wanaomtia hofu yeye. Msaidizi wake wa mwisho aliitwa Bahati, akaliamini jina lake kuliko utambi, na sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Huyu Kimya analiogopa jina lake, na mtu mwoga huishi na baruti vizuri.

Basi Kimya akajifunza kazi, na mzee alipostaafu akarithi filimbi. Filimbi hiyo ndiyo sheria ya machimbo. Mlipuaji akiipuliza mara ya kwanza, kila mtu anakimbilia kibanda cha zege. Akiipuliza mara ya pili, ndipo watu wanaruhusiwa kutoka, na kabla ya hapo hatoki mtu, awe nyapara, awe mwenye machimbo. Kimya alikuwa na tabia yake nyingine aliyoirithi kwa yule mzee. Akishapakia baruti, kwa kila shimo aliokota kokoto moja akaitia mfukoni. Utambi ukishawashwa na watu wamejificha, alizishika kiganjani, na kila mlipuko ukilia alidondosha kokoto moja chini. Kokoto zikiisha, mashimo yote yamelia. Ikibaki hata moja, kuna baruti hai ndani ya mwamba, na utambi unaweza kulala ukaamka. Hapo mnakaa ndani saa nzima bila mjadala, kisha mlipuaji peke yake anapanda kwenda kutazama.

Sasa, siku yenyewe. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mlipuaji alitembea kama mtu aliyeshushiwa gunia begani. Asubuhi, akiwa langoni mwa machimbo, simu ikalia. Alikuwa mkewe, yuko wodini na mzazi. Akaanza utani wake, kwamba mume wake mpya amelala vizuri, ni mzuri kuliko yule wa zamani, na tena wamefanana mpaka jina. Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Mlipuaji akauliza jina gani. Mkewe akasema lo, muulize mwanao mwenyewe, akampa binti simu.

"Mama," mlipuaji akamwambia mwanawe, "jina hilo hapana."

"Baba, sisi tumeshakubaliana."

"Hamjui mnachompa huyo mtoto."

"Karani wa vizazi anapita wodini leo jioni, kisha tunaruhusiwa. Ukifika kabla yake tutazungumza. Usipofika, namtajia nililoamua."

Simu ikakatwa. Binti huyu hakukopa ukaidi kwa jirani. Mlipuaji akabaki amesimama langoni na mlinzi anamnyooshea kikapu, maana simu zote huachwa pale, haziingii kwenye baruti. Akaitia yake kikapuni. Angeweza kugeuka aende zake hospitali saa ile ile, lakini mashimo yalikuwa yameshachorongwa, baruti imeshatolewa stoo, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuiwasha. Akapiga hesabu kwamba akilipua mchana na kupuliza filimbi ya pili, jioni itamkuta kitandani kwa mwanawe. Muda upo, akajiambia. Atafika na kumpigia magoti ikibidi.

Alipakia mashimo huku midomo yake inacheza. Msaidizi wake alikuwa mwanamke mjane waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Hata Redio siku hiyo alimwangalia akapunguza sauti. Mlipuaji aliokota kokoto zake shimo kwa shimo, akawasha tambi moja baada ya nyingine, akatembea, maana mlipuaji hakimbii, akaingia kibandani na kujibanza ukutani kati ya Redio na nyapara. Nyuma yao walijaa wapasua mawe na madereva wa malori, wamejikunja magoti kidevuni.

Mlipuko wa kwanza ukatikisa vumbi la dari. Kokoto moja chini. Wa pili, moja chini. Na hapo katikati, Mungu ndiye ajuaye ni wapi, akili yake ikatoka kibandani ikaenda wodini. Akawa amesimama mbele ya binti yake anabishana naye, anamwambia mwanangu, wewe umekulia ndani ya nyumba yangu, hujui jina hili linavyokaa shingoni. Anamjibu na yeye anajijibu. Mkono ulikuwa unadondosha kokoto wenyewe, kwa mazoea. Ghafla kukawa kimya. Vumbi likaanza kutua. Akatazama kiganja chake.

Kokoto moja ilikuwa bado imo.

"Zote zimelia," Redio akasema. "Mimi nimehesabu."

Mlipuaji aliigeuza kokoto kiganjani. Je, alisahau kudondosha moja alipokuwa anabishana na binti yake hewani? Au mashimo mawili yalilia kwa pamoja, kama yanavyofanya mara nyingine, sikio likasikia moja? Au kule juu kuna shimo limenyamaza, utambi umelala, unasubiri buti la mtu? Miaka yote hiyo hakuwahi kuondoa akili yake kwenye kuhesabu hata kidogo, na siku aliyoiondoa ndiyo hii. Alijiona mjinga.

Nyapara akaiona ile kokoto. Uso ukamwanguka. Malori yalikuwa yamepangana nje, madereva wana safari zao, na saa nzima ya kukaa ndani ni saa nzima ya kusikiliza matumbo yakilalamika. Akasema kwa upole, upole wa mtu anayekaribia kukasirika, kwamba Redio masikio yake yako sawa, na yeye mwenyewe kwa hesabu yake zimelia zote. Wengine nyuma wakaitikia ndiyo, zimelia. Mmoja akasema wahenga hawakukosea, majuto ni mjukuu, na huyu mzee amepata vyote viwili juma moja. Wakacheka kidogo.

Hawakujua walikuwa wanamsukuma mtu aliyetaka kusukumwa. Njia pekee ya kwenda langoni ilipita chini ya mwamba ule ule. Simu iko langoni. Barabara ya hospitali inaanzia langoni. Akipuliza filimbi sasa hivi, anafika kabla ya karani na nafasi inabaki. Akisubiri saa nzima, kisha kupanda kukagua, kisha kushuka, basi tena, karani atakuwa amekwishapita na mtoto ameshaandikwa. Filimbi ilikuwa kifuani mwake. Kila aliyekuwemo kibandani alikuwa anamwomba aipulize, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba kuliko wote.

Akasema, "Nina shaka. Tunakaa."

Walikaa. Kukaa kwenyewe kulikuwa kubaya. Jua lilichoma zege, jasho likawashuka. Mlipuaji alitazama saa ya nyapara mkononi mwa nyapara, akaangalia pembeni, akaitazama tena. Aliona karani anapanda ngazi za hospitali. Aliona kalamu. Alimwona mjukuu wake amekuwa kijana, amevaa shati la kuazima, amekaa kwenye kiti cha watu. Kidogo kidogo wazo jingine likamjia, na lilikuja na sauti ya busara, kama mawazo mabaya yanavyokuja. Kwani lazima apulize filimbi? Hawa wabaki hapa salama. Apite yeye peke yake. Shingo ni yake na mjukuu ni wake, kosa ni la nani tena? Akipita haraka chini ya mwamba, labda hata hakuna kitu kule juu.

Akainuka. Akatoka mlangoni. Buti zake zilisaga vifusi, akaenda hatua kadhaa juani na macho yake yako langoni, kule mbali, kwenye kile kikapu cha simu.

Redio hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kutoka pale mlangoni, "Nenda basi, mzee. Ukienda wewe, sisi tunakufuata. Wewe hujawahi kutembea mahali pabaya."

Aligeuka akawaona. Kweli walikuwa wanainuka, madereva wanajipangusa vumbi, nyapara ameshashika mwimo wa mlango. Wangemfuata wote. Hawakuhitaji filimbi, walimwangalia miguu. Mlipuaji alirudi kibandani, akakaa pale pale alipokuwa amekaa, akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka nyapara aliposema saa imetimia.

Alipanda peke yake. Alikagua shimo baada ya shimo, anapiga magoti, anafukua vifusi kwa vidole, anatafuta mabaki ya utambi au unga usioungua. Kila shimo lilikuwa limepasuka. Akafika kwenye lile la mwisho. Akafukua. Lilikuwa limepasuka vizuri kuliko yote. Ama lilikuwa limelia pamoja na jirani yake, kwa sauti moja, ama mkono wake ulisahau kokoto. Hapakuwa na kitu mwambani tangu mwanzo.

Akapuliza filimbi. Watu wakatoka wakinyoosha migongo, na mmoja akasema wamelinda hewa saa nzima, hewa haijaibiwa. Nyapara alimpita bila kumtazama. Mlipuaji hakuwa na muda wa kuumia. Alimwachia Redio vifaa, akateremka mbio kwa mara ya kwanza machimboni pale, akapanda lori la kwanza lililotoka. Dereva alikuwa mtu wa taratibu, analiheshimu kila tuta. Mlipuaji alikaa ukingoni mwa kiti, akilisukuma lori kwa magoti.

Alipoingia wodini jioni ilikuwa imeshaingia kabla yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, akina mama wakavuta vitoto vyao. Kitanda cha binti yake kilikuwa kimetandikwa, mfuko umefungwa, binti amekaa na viatu miguuni. Mkewe alikuwa dirishani na mtoto begani.

"Ameshapita," binti akasema.

Mlipuaji akakaa. Binti akamwambia kuwa alimwomba karani apitie vitanda vyote kwanza, arudi kwake mwisho. Karani akakubali, akarudi, akasubiri kidogo, lakini kila kazi ina mwisho wake. Akamuuliza baba yake kilichomchelewesha ni nini. Mlipuaji akamweleza kuhusu kokoto na saa nzima ile, na jinsi alivyotoka akarudi. Hilo la kutoka alilisema akitazama sakafu.

"Na shimo lenyewe?"

"Lilikuwa limelia."

"Kwa hiyo umesubiri bure."

"Bure kabisa."

Binti akamkumbusha rafiki yake waliyekaa dawati moja, ambaye baba yake naye alikuwa mlipuaji, machimbo ya upande wa pili, mtu mwenye jina zuri kabisa. Mlipuaji huyo hakusubiri siku moja tu, na binti alikwenda kwenye mazishi yake akiwa na sare za shule. Na yeye utoto wake wote alikuwa anamkasirikia baba yake kwa kuchelewa, chakula kinapoa, mama anasema amesubiri shimo tena huyo, kuleni.

"Kila siku ulichelewa bure, baba. Na kila siku ulirudi. Nilitaka mwanangu awe na jina la mtu wa namna hiyo."

"Jina halikufanya hayo," mlipuaji akasema kwa ukali. "Nimefanya mimi."

"Basi kama jina halifanyi kitu, unaogopa nini?"

Hapo alinaswa. Kisha akamweleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe, na mkewe akageuka kutoka dirishani. Akamweleza siku yake ya kwanza shuleni. Mwalimu alikuwa anasoma majina, alipofika kwenye la kwake akanyamaza, akainua macho kumtafuta. Yeye akaona aibu, hakuitikia. Mwalimu akaita tena, hakuitikia. Akaandikwa hayupo. Kesho yake tena hayupo. Muhula mzima alikuwa amekaa pale pale dawatini, anajifunza kusoma, na kwa mwalimu hayupo.

"Naogopa hilo," akasema. "Kwamba atakuwepo na atakataa kuwepo."

Binti akaanza kulia. Akauliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Akasema lau angejua asingethubutu, yeye alilijua jina hilo kama jina la baba yake tu, hakulijua kama jina la mtoto. Akajifuta uso kwa kanga. "Linabadilishika. Karani amesema tukienda kesho na kuapa, wanabadilisha. Sema wewe, baba. Ukisema hapana, kesho asubuhi tunakwenda."

Mtoto alikuwa ameanza kulia, kilio kikavu cha kudai haki yake, na bibi yake akaja akamweka mikononi mwa babu, vumbi na yote. "Mwite basi mjukuu wako," akasema. "Umesikia anavyokugombeza."

Akamtazama. Uso mdogo, mwekundu kwa hasira. Akamsogeza karibu. "Msiba," akasema. "Msiba, babu yako nimefika."

Akashtuka. Umri wote ule hakuwahi kulisikia jina hilo likitoka kwenye kinywa cha mtu anayempenda aliyeitwa. Mama yake hakuwahi kumwita. Baba yake alilitaja mara moja akachoka. Kumbe linaweza kutamkwa hivi. Akalirudia polepole, karibu na sikio la mtoto, kisha mara nyingine, na machozi yakamshuka yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. Hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Mtoto hakunyamaza. Akazidisha.

"Kwa hiyo kesho twende?" binti akauliza.

"Kesho nina mashimo, mama," mlipuaji akasema, akamrudishia mtoto wake. "Mnyonyeshe huyu Msiba, ana njaa."